Daktari Rampai na Samaki Mbichi

Aliyeyaona kwanza alikuwa Wiyada, mwanafunzi mpya wa uzamili, ambaye mpaka asubuhi ile alikuwa hajaona chochote kwenye hadubini zaidi ya kope zake mwenyewe. Alipiga ukelele, maabara nzima ikageuka.

"Mwalimu! Namba saba ina mayai!"

"Mayai ya kuku?" akauliza Daktari Thanet bila kuinua kichwa.

Mwalimu Orathai, mkuu wa utafiti wa minyoo ya ini pale chuo cha tiba, alivua miwani yake akainama. Kisha akacheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. "Ni yenyewe. Oneni kifuniko chake hapo juu, kama kigudulia. Hongera, Wiyada. Njooni wote mtazame."

Lilikuwa zoezi tu. Kila mwaka wanafunzi wapya walipoanza, timu nzima, kuanzia mwalimu mkuu hadi dereva, ilitoa choo chake kipimwe, ili wageni wajifunze sampuli safi inavyoonekana. Majina hayakuandikwa. Kila mtu aliokota kikopo chenye namba akabaki na namba yake moyoni. Na miaka yote vikopo vilitoka safi, kwa sababu hawa ndio waliozunguka vijiji vyote vya Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, na kipaza sauti, wakiwaambia watu wapike samaki ili minyoo ife.

Foleni ikapangwa. Daktari Rampai, binti wa kijijini aliyekuwa akiandika tasnifu yake pale, akaingia nayo, maana kukaa pembeni kungemfanya aonekane. Zamu yake ilipofika aliweka jicho. Yai lilikuwa pale katikati, dogo, la rangi ya chai, limetulia. Alikuwa ameshalichora yai hilo kwenye mbao za shule, kwenye mabango, hata kwenye fulana walizogawa vijijini.

Namba saba ilikuwa yake.

"Sitaki kujua ni nani," Mwalimu Orathai alisema walipomaliza. "Mwenyewe anajijua. Aje ofisini achukue dawa, tusahau. Minyoo si dhambi."

"Ah, Mwalimu, kubahatisha kwa nini?" Daktari Thanet alikuwa mtoto wa Bangkok, mcheshi, mwenye viatu visivyopata vumbi. "Mjomba Bunlua yuko wapi?"

Mjomba Bunlua alikuwa ndiyo kwanza anaingia na masanduku ya barafu kifuani. Alikuwa dereva wa timu, mzee mwenye mwili mkavu na nywele zilizokatwa chini kabisa, na alikuwa anaijua kila njia ya shamba mkoa mzima.

"Mjomba, jana ulikula nini?" Thanet akamuuliza.

"Wali."

"Na samaki?"

"Samaki alikuwepo."

"Alikuwa ameshakufa, au alikuwa bado anakukonyeza?"

Maabara ikaangua kicheko. Wiyada alicheka mpaka akajishika mdomo. Mzee aliyatua masanduku taratibu, akawatazama mmoja mmoja bila kuelewa, mpaka mtu alipomwonyesha hadubini na kumwambia kuna mmoja wao ana minyoo. Hapo macho yake yakamfikia Rampai, yakakaa. Halafu naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliye peke yake mbele ya waliosoma.

"Basi mmeshanipata," alisema, akatoka kufuata masanduku mengine.

Rampai alifungua bomba akanawa mikono, akanawa tena.

Mzee Bunlua alijua. Aprili, wakati wa Songkran, sikukuu ya mwaka mpya ya kumwagiana maji, ndiye aliyempeleka nyumbani kwao, kijiji cha Non Takai, kwa kuwa gari lilikuwa linapita huko. Rampai alikuwa hajafika nyumbani miaka miwili. Kila likizo ilikuwa na mtihani au tasnifu. Baba yake, Mzee Khamphan, alifurahi hata akasahau kuvaa shati. Alishuka mwenyewe bwawani na wavu, akarudi na samaki wadogo weupe, akaketi kibarazani akawakatakata na kisu kizito, tak-tak-tak, huku majirani wakikusanyika na nguo zao zilizolowa maji ya sikukuu. Akakamulia ndimu, akatia pilipili, unga wa mchele wa kukaanga, nanaa, na mayai ya sisimizi wekundu. Koi. Hakuna moto uliomgusa yule samaki hata kidogo.

Sinia likawekwa mkekani. Watu wote wakamtazama Rampai.

"Daktari atakula kweli?" shangazi yake alisema kwa sauti ya kusikika. "Siku hizi si anatuona sisi ndio ugonjwa?"

"Mwache mwanangu," alisema baba, lakini naye alikuwa anamtazama. "Kama hataki, nitampikia yai."

Rampai akakata tonge la wali wa kunata, akachota, akala. Wakapiga makofi. Na kama angeishia hapo, angeweza kujiambia kwamba alikula kwa heshima ya baba. Lakini hakuishia hapo. Ladha ile ilimrudisha utotoni kwa ghafla, ikamjaza mdomo na macho, akachota tena, akachota tena, akapangusa sinia kwa tonge la mwisho huku wajomba wakimtania kwamba hospitalini wanamshindisha njaa.

Mjomba Bunlua peke yake hakugusa. Alipokaribishwa aliunganisha viganja kwa adabu. "Asanteni. Tangu mama watoto aondoke, kibichi sili."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Kila ukoo pale ulikuwa na mtu ambaye minyoo ilimletea saratani ya ini, akageuka manjano, akakonda, akavimba tumbo, akaenda. Mjomba Bunlua alikula embe na wali, akamwambia Rampai wakati wa kuondoka, "Ulikuwa na njaa, mwanangu." Hivyo tu. Siku zote alimwita mwanangu.

Sasa Juni ilikuwa imeingia, mvua zimeanza, na minyoo imekomaa ndani yake.

Hakwenda ofisini kwa Mwalimu. Alichukua pikipiki akavuka mji hadi duka la dawa ambako hakuna aliyemjua, akanunua vidonge, akavimeza chumbani kwake, akalala chali dari ikimzunguka. Alijiambia kwamba kesho atasema. Kesho yake alijiambia kwamba mambo yamepoa.

Hayakuwa yamepoa. Wakati wa chakula cha mchana, Wiyada, kwa roho safi kabisa, alimletea mzee vidonge kwenye kisahani na glasi ya maji, mbele ya wote.

"Mjomba, usione haya. Meza, upone."

Mzee alivitazama. Rampai alikuwa ng'ambo ya meza, kijiko mkononi. Walitazamana, na muda ule ulitosha kabisa kusema maneno mawili: ni mimi. Rampai akainamisha kichwa kwenye supu yake. Mzee akavimeza, kimoja kimoja. Jioni alisimamisha gari kando ya barabara akatapika kwenye majani, watafiti ndani ya gari wakaguna, na Thanet akasema, "Hao wanaaga."

Kuanzia hapo utani ukageuka desturi. Kikapu cha wali kilipozunguka, kilimruka mzee. Mtu alimwekea kikombe chake cha maji peke yake. Halafu Thanet akamweleza Mwalimu kwamba si picha nzuri kuingia vijijini kuhubiri samaki wa kupikwa na dereva wa namna hiyo, watu watasema nini? Mwalimu Orathai alikuwa anakimbizana na ripoti ya wafadhili. Akakubali bila kufikiri sana. Safari za vijijini akapewa kijana mwingine, na posho za safari zikaenda naye. Mjomba Bunlua akabaki chuoni kubeba masanduku na kuleta vyakula vya mikutano.

Mtu angedhani Rampai aliona raha kukaa mbali na macho yake. Aliona raha kweli, na raha hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. Alianza kuchagua milango ya kupitia. Akisikia kikohozi cha mzee ngazini, aliingia chooni akangoja.

Mwezi Agosti ikafika zamu yake ya kuonyesha tasnifu ilipofikia. Ukumbi ulijaa: wanafunzi wa uzamili, madaktari wa upasuaji waliochoka kufungua matumbo yasiyookoleka, na mtahini mgeni kutoka chuo kingine, mzee mpole mwenye kalamu ndefu. Rampai alizungumza vizuri. Alionyesha ramani, alionyesha asilimia, alionyesha picha za maini.

"Nina swali moja," alisema mtahini. "Watu hawa wameambiwa miaka na miaka. Wanaendelea kula. Kwa nini?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye karatasi zake. "Uelewa bado ni mdogo, Mwalimu. Wakielimishwa vya kutosha, wataacha."

"Wote?"

"Isipokuwa dereva wetu!" Thanet alidakia kutoka nyuma. "Huyo amehudhuria mafunzo yote!"

Ukumbi ukacheka. Na Rampai, pale mbele, mwanga wa picha ukimpiga usoni, akacheka nao. Alikisikia kicheko chake mwenyewe kwenye kipaza sauti, kikubwa kuliko cha mtu mwingine yeyote, kikipita kwenye spika zote za ukumbi.

Mlangoni alikuwa amesimama Mjomba Bunlua na mifuko ya vyakula vya mchana. Aliiweka chini, akaipanga isianguke, akaondoka.

Rampai alimaliza picha zilizobaki. Hakukumbuka baadaye alichosema. Watu walimpongeza, mtahini alimshika mkono, na yeye alikuwa akijibu asante, asante, huku masikio yanamwaka. Ukumbi ulipobaki mtupu alipanda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Orathai, akasimama mbele ya meza kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, namba saba ilikuwa yangu."

Mwalimu alikuwa anakula. Alitua kijiko. "Ipi?"

"Ya Juni. Mayai yale. Nilikula koi nyumbani kwetu."

Mwalimu Orathai akacheka kidogo, karibu kwa huruma. "Wewe naye. Mimi nilizaliwa kando ya mto, unadhani sijui utamu wake? Umetumia dawa?"

"Nimetumia."

"Basi imekwisha. Umenitisha bure." Akachukua kijiko. Halafu akakirudisha mezani, na Rampai akaona uso wake ukibadilika taratibu, kama mtu anayeanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. "Ngoja. Yule mzee alimeza dawa."

"Ndiyo."

"Nikamtoa kwenye safari."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukiwa unaona." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepiga meza. "Unajua mke wake alifia kwenye wodi yetu? Mimi ndiye niliyemwambia. Nilisahau. Nimemcheka hapa, nimesahau." Alijifunika macho kwa kiganja. "Toka, Rampai. Jumatatu utasema mbele ya wote waliocheka. Si mbele yangu. Mimi mwenyewe ni mmoja wao."

Jumatatu alisema. Alikuwa ameandaa maneno marefu, yakamponyoka yote, akabaki na mafupi: minyoo ilikuwa yake, alijua tangu siku ya kwanza, akaacha mzee achekwe. Hakuna aliyejua pa kutazama. Wiyada alianza kulia, kwa sababu ya kisahani kile. Mtu mmoja alicheka kwa woga akanyamaza. Thanet aligeuzageuza simu yake, kisha akasema, "Lakini mbona mzee hakukanusha?" na Mwalimu Orathai akamwambia anyamaze, neno ambalo alikuwa hajawahi kumwambia mtu kikaoni.

Kiti cha Mjomba Bunlua kilikuwa kitupu. Ijumaa ile ile ya kicheko alikuwa ameomba ahamishiwe gari la benki ya damu.

Rampai alimkuta gereji, mkono umezama kwenye injini hadi kiwiko. Aliunganisha viganja, akainama chini kabisa, chini kuliko daktari anavyoinamia dereva. Mafundi wawili wakaacha kazi wakatazama.

"Usinifanyie hivyo mbele za watu," alisema mzee. "Nisije nikachekwa tena."

"Mjomba, nimewaambia wote. Nimesema ukweli."

"Nimesikia. Habari hapa zinakimbia."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Mzee alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Unajua nilikuwa nangoja nini? Siku ile ya vidonge nilijisemea: huyu mtoto ataongea. Nikameza cha kwanza, nikasema ataongea. Nikameza cha pili. Nilikuwa nimekula kwenu, Daktari. Nimemwona baba yako. Sikutaka mimi ndiye nikutaje."

"Ungenitaja tu, Mjomba."

"Nani aliniuliza? Hakuna aliyeniuliza hata mmoja. Walicheka tu. Wangeniuliza, ningejibu." Alikitupa kitambaa juu ya injini. "Mke wangu nilimwosha kwa mikono hii. Halafu naambiwa samaki ananikonyeza."

Rampai hakuondoka. Alisimama tu, machozi yanamtiririka, akijua kwamba hata machozi hayo yanamlazimisha mzee amwonee huruma, akajichukia kwa hayo pia.

"Nenda kazini," alisema mzee hatimaye. "Unataka nikusamehe leo ulale vizuri. Leo siwezi. Labda siku nyingine, sijui." Akarudisha mkono kwenye injini.

Mwalimu Orathai alikwenda mwenyewe kumwomba arudi kwenye timu. Mzee alimjibu kwa adabu kwamba damu haina maneno mengi, amezoea.

Lililobaki lilikuwa nyumbani. Rampai alikwenda Non Takai na vikopo na vidonge, akamweleza baba yake yote, akidhani ndiyo sehemu rahisi. Mzee Khamphan alisikiliza akiwa amekaa ngazini. Rampai alipofika kwenye mayai chini ya hadubini, baba aliuliza, "Ya samaki wangu?"

"Baba, si kosa lako. Nilikula mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyekata." Alitazama viganja vyake. "Mtoto nimemsomesha awe daktari, nikamlisha minyoo. Watu wakamcheka mzee wa watu kwa ajili yangu."

"Hawakukucheka wewe."

"Usimwambie shangazi yako," alisema kwa sauti ndogo, na Rampai akaona kwamba baba yake, aliyekuwa akimtangaza sokoni kwa kila muuza mboga, hawezi kumtazama machoni. Alichukua vidonge bila kubisha. Baadaye kila alipokuja, baba alimchomea samaki mpaka akakauka kama gome, akamwekea mbele, akakaa mbali kidogo akingoja ale. Kwenye mikutano Rampai aliyokuwa amezoea kuiendesha, watu walikuwa wanabisha, wanatukana, wanacheka. Kwa hayo alikuwa na majibu. Hapa alikula tu.

Tasnifu aliirudia upya. Lile neno la uelewa mdogo alilifuta, akamwambia Mwalimu kwamba hawezi kuliandika tena, na Mwalimu akasema itamchelewesha mwaka. Ilimchelewesha zaidi ya mwaka. Wenzake aliofanya nao mitihani walivaa majoho, wakapiga picha na maua, yeye akiwapigia makofi kutoka kwenye viti vya wageni. Mjomba Bunlua alikutana naye mara kwa mara uani mwa hospitali. Alimsalimu vizuri, wakaulizana habari za mvua na za magoti. Lakini alimwita Daktari. Neno mwanangu hakulisema tena, na Rampai hakuona kama ana haki ya kulidai.

Vijijini sasa alikwenda bila kipaza sauti. Aliingia nyumba moja moja, akakaa mkekani, akauliza jambo moja ambalo hakuna fomu iliyowahi kuliuliza: mara ya mwisho ulipokula kibichi, ulikuwa na nani? Mwanzoni watu walimdanganya, kama walivyowadanganya wote waliotangulia. Sisi? Sisi tuliacha zamani, Daktari. Mpaka alipoanza kusema la kwake kwanza.

Hakuwahi kuzoea. Hata baada ya nyumba nyingi, akifika pale pa kusema, aliangalia mkeka, na alikuwa akilitaja la dereva pia, ingawa hakuna aliyemlazimisha, ingawa bila hilo hadithi ingechekesha tu.

Bibi mmoja aliyeitwa Thongma, mfumaji mwenye meno meusi kwa tambuu, alimsikiliza hadi mwisho bila kuachia uzi wake.

"Ukamwacha akanywa dawa yako?"

"Nikamwacha."

"Na wewe ulikuwa unatazama?"

"Nilikuwa natazama supu."

Bibi alitikisa kichwa, akatema tambuu kwenye kopo. "Una roho mbaya, binti."

"Ndiyo, Bibi."

"Hata mimi ninayo." Alisogeza kitanda cha kufumia, akampisha mahali pa kukaa. "Mume wangu aliniambia niache kumkatia samaki, ini linamuuma. Nikamwambia usijidekeze, wageni wako mlangoni. Kaa. Andika."

Rampai akakaa, akatoa kalamu, akamwuliza wageni wale walikuwa akina nani.